Mashujaa wakongwe wa katuni wapata wasomaji wapya Kampala

MWAKA 1975, wakati Idi Amin alipokuwa mwenyeji wa mkutano wa viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika hapa Kampala, kampuni ya Marvel kule New York ilichapisha kitabu cha katuni ambacho sidhani kuna mjumbe yeyote wa mkutano ule aliyekisikia. Ndani yake mzee mwenye upara, anayetembelea kiti cha magurudumu, anazunguka dunia akitafuta watu wa kumsaidia. Anamwokoa Mjerumani mmoja kutoka mikononi mwa umati wenye mienge. Anamchukua Mrusi kwenye shamba la ushirika huko Siberia, pamoja na Mkanada, Mjapani, Muairishi na Muapache wa Arizona. Anafika pia Kenya, na huko anamkuta msichana mwenye nywele nyeupe pepepe ambaye wanakijiji wanamwabudu kwa sababu akitaka mvua, mvua inanyesha.

Msichana huyo ni Ororo, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Storm. Kitabu kinaitwa Giant-Size X-Men, kikaandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum. Mimi nilikutana nacho miaka 43 baadaye kwenye turubai la muuza vitabu vikuukuu katikati ya jiji, kikiwa kimebanwa kati ya kitabu cha mapishi na kamusi isiyo na jalada. Muuzaji alitaka shilingi 10,000. Nikampa 5,000, naye akaniongezea mfuko wa kubebea.

Wafanyabiashara mnaosoma ukurasa huu mtapenda kuijua bidhaa yenyewe. Haikuwa nakala ya 1975, ambayo huko Marekani huuzwa kwa bei ya ng'ombe. Kuanzia 1996 Marvel ilitoa vitabu vinene vilivyoitwa Essential, kurasa kama 500 kila kimoja, karatasi ya gazeti, bila rangi. Washindani wao, DC, wakafuata mwaka 2005 na vyao vilivyoitwa Showcase Presents. Lengo lilikuwa kuwapa wasomaji hadithi za zamani kwa bei nafuu. Kitabu cha kwanza cha Essential X-Men kinabeba ile hadithi ya 1975 pamoja na matoleo 26 yaliyoifuata. Uchapishaji wa aina hii ulikwisha katika miaka ya 2010, na kwa maelezo ya muuzaji wangu, nakala zilizokwisha kusomwa zinasafiri njia ileile ya mashati na viatu: kontena, Mombasa, lori, Malaba, Kampala.

Mimi mwenyewe nilipita njia hiyo kinyume. Wazazi wangu walivuka Malaba mwanzoni mwa 1986, nikiwa na miaka mitano, nikasomea Eldoret kuanzia darasa la kwanza hadi chuo. Huko katuni za Kimarekani hatukuziona. Tulikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, ambaye mara nyingi alitufikia akiwa amefungiwa nyama, na baadaye Akokhan wa Frank Odoi, Mghana aliyehamia Nairobi na kuishi huko hadi alipofariki 2012. Marehemu baba alikuwa na wake wa ujanani: Lance Spearman, yule Spear wa jarida la African Film la mwishoni mwa miaka ya 1960, ambalo lilitumia picha za kamera badala ya michoro. Baba aliweza kutaja kikosi chote cha Spear bila kufikiri: Kapteni Victor wa polisi, Sonia, na kijana Lemmy. Alisema Spear bila Lemmy angekuwa amekufa mara kumi.

Nadhani hapo ndipo nilipoipata hamu ya vikosi. Shujaa mmoja peke yake hanishiki sana. Anapigwa, anainuka, anashinda, basi. Lakini waweke saba mezani, kila mmoja na hasira zake, hapo nitakaa hadi umeme ukatike.

Jirani akiuza chapati

Kikosi cha kwanza cha namna hii kilitokea mwaka 1940 katika toleo la tatu la All Star Comics, kikaitwa Justice Society of America. La kuchekesha ni kwamba katika toleo hilo hawapigani pamoja hata kidogo. Wanakutana mezani, na kila mmoja anasimulia kisa chake, kama wazee waliokaa barazani. Mwaka 1960 wazo hilo likafufuliwa kwa jina la Justice League of America: Superman, Batman, Wonder Woman na wenzao wanne, mwandishi akiwa Gardner Fox, adui wao wa kwanza akiwa samaki-nyota mkubwa kuliko nyumba.

Yaliuzwa sana. Inasimuliwa kwamba mwenye Marvel, Martin Goodman, aliposikia mauzo ya jirani akamwagiza Stan Lee naye atengeneze kikosi. Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua biashara hiyo: jirani akiuza chapati zikaisha, kesho nawe umewasha jiko. Lee na mchoraji Jack Kirby wakatoa Fantastic Four mwaka 1961, halafu mwaka 1963 wakatoa Avengers na X-Men kwa mwezi mmoja.

Ila chapati za jirani huyu wa pili zilikuwa na chumvi tofauti. Watu wa DC walikuwa na adabu za mkutano wa kanisa. Walikuwa na mwenyekiti wa zamu, na walipopata kazi waligawanyika wawili-wawili au watatu-watatu, kila kundi likapewa sura yake, kisha wakakutana mwishoni kummaliza adui. Anayejua SACCO inayoendeshwa vizuri ataielewa Justice League mara moja. Akina Fantastic Four wao waligombana kama watu wa nyumba moja, na mwaka 1962 walifilisika kabisa kwa sababu kiongozi wao alipoteza fedha zao kwenye soko la hisa. Wadai wakawa mlangoni! Nilipoisoma sehemu hiyo usiku mmoja nilicheka hadi mke wangu akauliza kuna nini. Kwenye Avengers, yule jitu Hulk alijiunga katika toleo la kwanza na kuondoka katika la pili. Kila chama kina mtu wa namna hiyo, huja siku ya kugawana, siku ya mchango hayupo.

Mapenzi haya hayakuja kwa siku moja. Lugha ya vitabu vyenyewe ni nzito, kwani mashujaa huongea huku wakipigana, na kila baada ya kurasa chache mmoja anaeleza tena nguvu zake ni zipi. Ilikuwa lazima. Matoleo yale yaliuzwa kwenye vibanda, na mnunuzi wa leo huenda hakununua la mwezi uliopita. Ukisoma matoleo 26 mfululizo, inachosha kama mgeni anayejitambulisha kila asubuhi. Nilianza na sura moja kabla ya kulala. Baada ya miezi mitatu nilikuwa napita kwa yule muuzaji kila Jumamosi, naye akawa ananiwekea kando, na bei ikaanza kupanda. Muuzaji mzuri husoma macho ya mteja.

Aliyerudi kwao asikokujua

Msomaji uliyewahi kuishi ugenini, nisikilize kidogo kuhusu Storm. Mwaka 1976 mwandishi Chris Claremont, aliyeishika X-Men kuanzia 1975 hadi 1991, alisimulia alikotoka. Mama yake alikuwa binti wa kifalme wa Kenya aitwaye N'Dare, lenye kile kikoma ambacho Wamarekani huchomeka kila wanapotaka jina lisikike la Kiafrika. Baba alikuwa Mmarekani mweusi, mpigapicha wa habari. Storm alizaliwa New York, akapelekwa Cairo akiwa mdogo, na wakati wa vita vya Suez mwaka 1956 ndege ikaangukia nyumba yao. Wazazi wakafa. Yeye akafukiwa kwenye kifusi, na tangu hapo hawezi kuvumilia chumba kidogo kilichofungwa. Akawa mwizi wa mifukoni mitaani Cairo. Alipokuwa mkubwa kidogo akashika njia kwa miguu kuelekea kusini, kwenda nchi ya mama yake ambayo hakuwahi kuiona.

Afrika ya vitabu hivi ina mengi ya kuchekesha. Kenya na Serengeti zimechanganywa kana kwamba Namanga haipo na hakuna anayeulizwa kitambulisho. Wanakijiji hawana kazi nyingine ila kuabudu. Mwanafunzi mmoja wa kike aliniuliza kwa nini mwenye mvua zake anavaa nguo chache hivyo wakati mvua ya milimani ni baridi, nami nikamwambia aliyechora alikuwa mwanamume na hakuwa amenyeshewa Limuru.

Lakini safari ile ya miguu si ya kuchekesha. Mimi nilirudi Uganda 2005. Kila mtu aliita kurudi, ingawa nilichokumbuka ni mti mmoja wa mwembe na sauti ya lori. Nilikuja na Kiswahili cha Eldoret mdomoni, katika jiji ambalo wazee wengi walikikumbuka kama lugha ya askari waliogonga mlango usiku. Mwaka huohuo Katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, lakini hilo lilikuwa kwenye karatasi. Kwenye taksi nilipoomba kushuka kwa Kiswahili watu waligeuka kunitazama. Lugha ya mama yangu niliizungumza kwa lafudhi ambayo binamu zangu waliiga wakitaka kuchekeshana.

Kuna Storm wa 1985 ninayempenda zaidi. Amepoteza nguvu zake, hawezi kuita hata manyunyu, naye anarudi Afrika wakati wa ukame. Njiani anakutana na msichana mjamzito, Shani, wanafika kijijini, na Storm anasaidia mtoto azaliwe. Hakuna adui wa kupigwa. Mchoraji ni Barry Windsor-Smith, na kuna kurasa ambazo nilizitazama muda mrefu kuliko nilivyozisoma. Kitabu chenye hadithi hiyo nilikisomea Nairobi kwa rafiki wa kaka yangu, hakikuwa cha kubeba.

Na lipo toleo la 201, lenye tarehe ya Januari 1986. Storm, bado hana nguvu yoyote, anashindana na Cyclops, anayetoa miale machoni, kuamua nani awe kiongozi. Anamshinda kwa akili na miguu mepesi. Vijitabu vya Marekani huandikwa tarehe ya miezi kadhaa mbele, kwa hiyo hilo lilikuwa madukani kabla ya mwaka kugeuka. Hata hivyo, ninapoiona tarehe ile kwenye jalada siwezi kutokumbuka nilikuwa wapi Januari 1986: mgongoni mwa lori, Kampala ikibadilisha mwenyewe nyuma yetu.

Wengine wenu mnamjua zaidi Captain America. Katika toleo la nne la Avengers, mwaka 1964, anaokotwa baharini akiwa amegandishwa tangu vita vya 1945. Anaamka, rafiki yake kijana amekufa, na mji anaotembea ndani yake una majengo asiyoyajua. Wamarekani wanaisoma hadithi hii kama ajabu. Mtu aliyerudi Kampala mwaka 1986 baada ya miaka kumi na mitano Dar es Salaam au Nairobi hataona ajabu yoyote.

Barakoa na tanakali

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 10, 2022. Karibu miaka miwili. Watoto wa ua letu walikuwa kumi na wawili, wengi wakiwa wanafunzi wa shule za msingi na sekondari, na hawakuwa na redio ya kutosha wala simu za masomo. Nilitoa vitabu nje kwenye ngazi. Sheria ilikuwa moja, kunawa mikono. Mdogo wao alitamka jambo ambalo bado linanichekesha, kwamba mashujaa hufunika macho na kuacha mdomo, sisi tunafunika mdomo na kuacha macho.

Shule zilipofunguliwa, wengine hawakurudi. Katika darasa langu viti sita vilikuwa wazi. Wawili nilisikia wako Kikuubo wakibeba mizigo, mmoja amekuwa mama. Kati ya waliokuja wapya kulikuwa na binti ambaye familia yake ilivuka Ziwa Albert kwa mashua mwaka 2018, ikitoka upande wa Bunia wakati wa mapigano ya Ituri, ikafikia Hoima na hatimaye Kampala. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, hivyo mwalimu wa jiji hili huzoea. Huyu hakuwa anasema neno. Aliandika vizuri, aliitikia kwa kichwa, lakini mdomo haukufunguka.

Tulikuwa na kipindi cha tanakali za sauti, zile za kuanguka majini chubwi, topeni tapwi, mchangani tifu. Nikachukua ukurasa wa X-Men wenye herufi kubwa za kishindo, zile KRAK na BOOM, nikawaambia waziweke kwa Kiswahili. Fimbo ikivunjika je? Kacha! Colossus, mtu wa chuma, akianguka sakafuni? Wakagawanyika, wengine pu, wengine pa, mmoja akasema chuma hakilii pu. Halafu tukaingia kwenye maneno ya wahusika. Mahali nilipoandika ubaoni «watu wote wanakimbia», yule binti akanyanyua mkono, akasema kwao wangesema «batu bote banakimbia».

Darasa likanyamaza jii. Kisha wakaanza kucheka, si kwa dharau, ila kwa sababu walielewa. Kwa Kiganda wangesema «abantu bonna badduka». Kiswahili chake cha Kongo kiliwakaa masikioni kuliko changu cha vitabuni, na kuanzia siku hiyo kila tafsiri ilipita kwake kwanza. Storm wa darasa letu anaongea Kiswahili cha Bunia. Mimi kama mwalimu wa sarufi nilipaswa kusahihisha, na kwenye mtihani nasahihisha, lakini Ijumaa nilimwacha Storm aseme atakavyo.

Majina yalituchukua wiki mbili. Justice League nilitaka iwe Jumuiya ya Haki. Wavulana wakakataa, wakataka Ligi ya Haki, na mara wakaanza kuuliza nani anaongoza jedwali, Batman ana pointi ngapi. Avengers ilikuwa ngumu zaidi. Ukisema Walipa Kisasi, msichana mmoja akauliza, wanalipa kisasi cha nani? Nikarudi kwenye toleo la kwanza. Hakuna kisasi. Jina lilipendekezwa na Wasp kwa kuwa lilisikika vizuri, na hakuna aliyeuliza. Tukaacha lilivyo.

Je, walikanyaga yai?

Mjadala mkubwa ulitoka kwenye Avengers toleo la 16, la 1965. Waanzilishi wamechoka, wanaondoka, na Captain America anaachiwa watu watatu waliokuwa upande wa maadui: Hawkeye, aliyekuwa amepigana na Iron Man, na ndugu wawili, Quicksilver na Scarlet Witch, waliokuwa chini ya Magneto. Hawkeye anaomba kazi kwa kuvamia jumba lao na kumfunga kamba mtumishi ili aonyeshe ustadi. Ndugu wawili wanaandika barua kutoka Ulaya. Wote watatu wanapokelewa, wanapigwa picha na waandishi wa habari, kazi inaanza.

Nikauliza darasa, mngewapokea?

Kuna kijana ambaye watu wake wanatoka Gulu. Aliuliza swali ambalo sikulitarajia: je, hawa walikanyaga yai? Kwa wasiojua, Waacholi wana desturi ya mtu anayerudi kutoka mbali, wakiwemo waliorudi kutoka msituni kwa Kony, kukanyaga yai bichi kabla ya kuingia nyumbani, ili aache nje alichokuja nacho. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 iliwapa maelfu karatasi. Kijana alisema karatasi haitoshi, na picha za waandishi wa habari hazitoshi. Mtu lazima aingie mbele ya wale aliowakosea. Msichana aliyekaa nyuma yake akamjibu kwamba mtumishi aliyefungwa kamba ndiye angepaswa kuulizwa kwanza, na hakuna ukurasa unaomwuliza. Wengine wakasema ndugu wale walichukuliwa na Magneto kwa sababu aliwaokoa kutoka kwa umati, hivyo hawakuwa na hiari. Kijana akasema mjomba wake pia hakuwa na hiari, na akakaa chini.

Sikuongeza neno. Kengele ililia tukabaki dakika kumi zaidi, na nilisikia wakiendelea ngazini.

Si kila mtu amefurahi. Mwalimu mwenzangu, mama ninayemheshimu na aliyefundisha miaka mingi kuliko mimi, anasema mtihani wa UNEB hauulizi habari za mtu wa chuma, na ana haki. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kuhusu Scarlet Witch kwa sababu ya jina lake la uchawi. Uamuzi uliotolewa ni kwamba vitabu visomwe Ijumaa tu, baada ya masomo, na ruhusa iombwe upya kila muhula. Mimi naomba. Sijadai kwamba katuni zinafaulisha. Ninachosema ni kwamba mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima, na tangu hapo kila mtu ananiuliza vitabu viko wapi. Watoto hawatajifunza lugha kwa kukariri ngeli peke yake. Wanahitaji kitu cha kubishania.

Tena uchoraji wa katuni si mgeni nchi hii. James Tumusiime, aliyeanzisha Bogi Benda katika gazeti la Nairobi wakati akiwa uhamishoni, alirudi 1986, akawa naibu mhariri wa kwanza wa New Vision, na mwaka 1988 akaanzisha Fountain Publishers. Na filamu ya Black Panther ilipokuja 2018, Kampala ilijaa kumtazama Daniel Kaluuya, mtoto wa Waganda aliyezaliwa London, na Florence Kasumba, aliyezaliwa hapahapa Kampala akakulia Ujerumani. Wanafunzi wangu wanajua pia kwamba vitabuni Storm aliolewa na huyo Black Panther mwaka 2006, na ndoa ikavunjwa 2012. Swali lao la kwanza lilikuwa kama mahari yalirudishwa.

Sasa kwenye jambo la biashara. Wachuuzi walipoondolewa barabarani mwanzoni mwa 2022, muuzaji wangu alipotea miezi minne, kisha nikampata ghorofani kwenye jengo moja karibu na Old Taxi Park, kwenye kibanda kidogo kisicho na dirisha. Baadhi ya vitabu vilikuwa vimelowa. Mama mmoja anayevuka Busia kila wiki na viatu vya watoto amenisaidia, ameniletea kutoka Nairobi viwili vya Justice League na kimoja cha Fantastic Four. Ananidai bado 20,000, na kwa kuwa ni msomaji wa gazeti hili, namwambia hapa kwamba Ijumaa atazipata.

Kwenye X-Men tunacho cha kwanza, cha pili, cha tatu, na cha sita. Cha sita kinaanza Storm akiwa tayari hana nguvu, na darasa halijaona zilivyopotea. Kisa hicho cha 1984 kiko kwenye kitabu cha tano. Niliwasimulia kwa mdomo, yule binti wa Bunia akasema kusimuliwa si kusoma. Familia yake imeitwa kwenye mahojiano ya kuhamishiwa Kanada, nchi ambayo kwa sasa anaijua kupitia Wolverine peke yake, na hajui wataondoka mwezi gani. Anataka kukimaliza kabla ya hapo.

Kwa hiyo anayevuka Busia, Malaba, Mutukula au Katuna, akikiona, jalada lina neno Essential na namba 5, kinene kama matofali mawili, kisicho na rangi ndani. Kilicholowa pia tunachukua mradi kurasa hazijashikana. Kisizidi 20,000, tafadhali, sisi ni walimu.